Kula nje na marafiki mtaani Dar: anzeni na hela, kisha saa, kisha mahali

Sisi ni sita, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana kula. Mwaka wa kwanza tulikaribia kumpoteza mwenzetu mmoja. Hakugombana na mtu. Alianza kutoa udhuru, mara ana mgeni, mara mtoto ana homa, mwisho akawa hajibu kitu kwenye grupu la WhatsApp. Nikamfuata kwake, nikamkuta kwenye cherehani. Akaniambia bila kuinua macho, "Shoga yangu, mimi nakunywa soda moja na kula vipande viwili vya nyama, bili ikija tunagawana sawasawa na aliyekula samaki mzima na bia nne. Siwezi."

Alikuwa na haki, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumuuliza. Tangu siku ile tulibadilisha mpangilio wote, na haya ninayoyaandika ndiyo tunayoyafuata. Ni kwa ajili ya kula mtaani Dar es Salaam: kwa mama lishe, kwenye mabanda ya nyama choma, kwenye supu ya asubuhi, kwa wakaanga chipsi. Hoteli za kitalii zina taratibu zake.

1. Kubalianeni hela kabla ya kutaja mahali

Karibu kila grupu huanza na swali la "twende wapi?" Swali hilo hujibiwa kwanza na mwenye uwezo, na akishataja mahali wengine wananyamaza kwa kuona haya. Anzeni na swali jingine: kila mtu anaweza kutoa shilingi ngapi, nauli ikiwa humohumo?

Majibu yasitolewe kwenye grupu. Mmoja wenu, yule mnayemwamini kwa kutunza siri, awaulize mmoja mmoja pembeni. Kiasi cha chini kabisa alichopewa ndicho kitakuwa kiwango cha wote, na asiseme kimetoka kwa nani. Kama watano wanaweza elfu ishirini na mmoja anaweza elfu nane, mwezi huo mnakula kwa elfu nane. Nimeshabishana sana na watu juu ya hili. Wanasema mbona mwenye nacho anabanwa. Habanwi: akitaka bia au kuku mzima wa kwake, anaagiza na kulipa mwenyewe palepale, nje ya hesabu ya kundi. Na kwa elfu nane Dar hii mnakula vizuri, mkijua wapi na saa ngapi.

Wekeni wazi pia kama ni mchango au mwaliko. Kwetu aliyekualika ndiye anayelipa, kwa hiyo ukiandika tu "njooni tule leo", atakuja mtu na nauli peke yake akiamini umemtoa. Andika "tunachanga" au andika "natoa mimi". Siku ya kuzaliwa ndiyo yenye hatari kuliko zote: mwenye siku yake anadhani marafiki watamlipia, na marafiki wanadhani wamealikwa.

Hela ikusanywe siku moja au mbili kabla, kwa simu, na kila mtu atume pamoja na ya kutolea. Makato ya watu watano yakimwangukia mtunzaji kila mwezi, naye atachoka.

2. Chagueni saa, maana kila chakula kina saa yake

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Wanakwenda mahali pazuri kwa saa isiyo yake, wanapewa kilichobaki, kisha wanasema pale hapana lolote.

Supu ni ya asubuhi. Sufuria ya kongoro au ya mifupa huinjikwa usiku, na ukifika saa moja supu ni nzito, midomo inanata. Saa nne imeshaongezwa maji mara kadhaa. Ni mtoko wa bei ndogo kuliko mingine yote ninayoijua: bakuli la supu, chapati mbili, limau la kukamua mwenyewe na pilipili. Watu wakisikia "kula nje" wanafikiria usiku, lakini kundi letu limewahi kucheka na kusimuliana habari kwenye supu ya asubuhi kuliko mahali popote pengine, na saa tatu kila mtu yuko kwenye shughuli zake.

Mchana ni wa mama lishe. Wengine bado wanasema mama ntilie, jina lililotokana na "mama, nitilie". Mimi nasema mama lishe, na mbele yake nasema "mama" tu. Wali maharage, wali nyama, ugali kwa dagaa au kibua wa kukaanga, mchicha au matembele pembeni. Vyungu vinakuwa tayari kuanzia saa sita hivi. Saa saba mafundi na watu wa ofisini wanajaa, na watu sita hamtapata benchi moja. Fikeni saa sita kamili. Na mkishakula, inukeni. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona likiumiza: mama lishe hana faida kwenye sahani moja moja, faida yake ni benchi lile kukaliwa na watu wengi kabla ya saa nane. Watu sita mkikaa saa nzima mkipiga soga mbele ya sahani tupu, mmemzibia riziki ya siku, naye kwa heshima yake hatawaambia kitu. Soga zihamishieni kwenye kahawa.

Kahawa chungu inastahili kupangwa yenyewe. Baada ya alasiri wauza kahawa wanakuwa kwenye vijiwe vyao, birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo, kashata ya nazi au ya karanga. Bei yake ni ya sarafu na hakuna anayewafukuza. Vijiwe vingine ni vya wazee au vya wanaume watupu, basi kundi la wanawake likifika lisalimie kwanza na kuomba nafasi. Mara zote nilizofanya hivyo tulisogezewa benchi.

Jioni ni ya mihogo Coco Beach, pale Oysterbay: ya kukaanga au ya kuchoma, na chachandu, na mishkaki kwa anayetaka. Nendeni siku ya kazi kama mnataka kusikilizana, kwani Jumapili pwani yote inafurika. Urojo nao ni wa jioni, bagia na viazi na kachori vikiwa bado vya siku ileile. Nyama choma ni kuanzia jua linapopungua. Chipsi mayai, zege lenyewe, ni la usiku kwa sababu tu mengine yameisha, ingawa lina heshima yake.

Samaki wa kukaanga, kama kundi linapenda, nendeni soko la samaki la Feri asubuhi. Mnanunua samaki wenu sokoni, mnampeleka kwa wakaangaji waliopo palepale, mnalipia kukaangiwa. Basi la mwendokasi linashusha Kivukoni, hatua chache tu kutoka sokoni, kwa hiyo hata anayetoka Kimara au Ubungo anafika kwa gari moja. Kwa jumla kutaneni karibu na kituo cha mwendokasi ikiwezekana. Mvua za masika zikiwa kubwa njia ya Jangwani hujaa maji na kufungwa, basi Machi hadi Mei tafuteni mahali ambapo wote mtafika bila kuvuka pale.

Mwezi wa Ramadhani mpango wote unageuka. Mama lishe wengi hawapiki mchana, na hata pale wanapopika, msimketishe mwenzenu aliyefunga mbele ya sahani zenu. Kutaneni baada ya Magharibi, kwenye futari: uji, tambi, kaimati, magimbi na mihogo ya nazi. Asiyefunga naye anakula vizuri kuliko siku nyingi za mwaka.

3. Ulizeni nani hali nini

Fanyeni hivyo mara moja, muandike, msirudie kuuliza. Kwenye kundi letu la watu sita wamo Waislamu wawili, Msabato mmoja, na mmoja mwenye vidonda vya tumbo. Hiyo maana yake banda lenye kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, halifai, hata kama wenzao wanaahidi kuagiza mbuzi, kwa sababu jiko, kisu na ubao wa kukatia ni vilevile. Msabato hali kambare pia, na Jumamosi hanunui kitu mpaka jua lizame. Kwa ajili yake miezi mingine tunahamia Jumapili. Ijumaa za Kwaresma Wakatoliki wengi hawali nyama, basi siku hiyo ni ya samaki. Mwenye vidonda aulizwe kuhusu pilipili na maharage. Kama mna rafiki wa Kihindu asiyekula nyama kabisa, ipo migahawa midogo ya mboga tupu maeneo ya Kisutu, karibu na mahekalu, na chakula chake kitawapendeza hata walaji nyama.

4. Mmoja aende kukagua

Aende peke yake siku chache kabla, ale kidogo, atazame. Mimi natazama maji kwanza. Kuna maji yanayotiririka ya kunawa, au jagi na beseni, na sabuni ipo? Vyombo vinaoshwa kwenye mabeseni mangapi ya maji? Kisha natazama moto. Chakula kinachopakuliwa kikitoa mvuke kimetoka jikoni sasa hivi. Wali wa vuguvugu uliokaa wazi tangu saa sita sili, hata nikiwa na njaa. Kachumbari iliyokatwa asubuhi na kuachwa juani nayo naiacha. Jiji hili limeshaona kipindupindu mara nyingi, na kukagua si kumdharau mpishi.

Watu wengi mezani ni dalili nzuri, kwani chakula hakilali.

Aulize bei ya kila kitu na kuiandika, kwa kuwa sehemu nyingi hazina karatasi ya bei. Aulize ugali ni bei gani, ndizi ni bei gani, kachumbari inalipiwa au inakuja na nyama. Aangalie choo, na spika ziko upande gani. Achukue namba ya simu ya mpishi au ya mchoma nyama mwenyewe. Namba ya kaunta mara nyingi haipokelewi jioni.

5. Pigeni simu mapema

Kwa supu na mama lishe inatosha kusema "mama, kesho saa sita tutakuwa sita, tuwekee benchi la ukutani." Kwa nyama choma simu ndiyo inayoamua kama jioni itakuwa nzuri. Mguu wa mbuzi unataka moto wa polepole kwa saa nzima au zaidi. Mkifika na kuagiza hapohapo, mtakaa na njaa, mtaanza kuagiza mishkaki na soda za kupozea tumbo, na hela ya nyama itakuwa imeondoka kabla nyama haijaja. Pigeni saa moja na nusu kabla, mtaje sehemu mnayotaka na uzito, na mtume kiasi kidogo cha kianzio. Mchoma nyama akishapokea chochote, anaweka nyama motoni kwa moyo.

6. Kuagiza

Nyama hupimwa ikiwa mbichi. Mmoja wenu awahi kabla haijawekwa motoni, asimame kwenye mizani, achague kipande kwa macho yake. Mbavu zina mafuta na utamu, ila mfupa mwingi. Paja lina nyama tupu, ila mchoma akizembea linakuwa kavu. Mimi huchanganya. Kwa kila mtu nahesabu robo kilo kama kuna ugali na ndizi za kuchoma, au gramu mia tatu kama kuna mfupa mwingi. Watu sita, kilo moja na nusu inatosha. Ikikauka kwenye moto itaonekana ndogo kuliko mlivyoiona mizani, na hapo mtaanza kulalamika kwamba mmepunjwa. Nyama hupungua, ni maji na mafuta yanayoondoka. Mkiwa na wasiwasi, mwambieni aikate alama mnayoitambua, naye hatachukia, wateja wengi hufanya hivyo.

Agizeni vya katikati kwanza, yaani sinia moja la nyama, ugali mmoja mkubwa wa kumegwa, ndizi, kachumbari. Anayetaka cha peke yake aongeze baadaye. Kula kwenye sinia moja hupunguza bili na huleta mazungumzo, mradi kila mtu amenawa na anakula kwa mkono wa kulia upande wake. Mtu mnayefahamiana akipita, mwambieni "karibu". Atajibu "asante, starehe" na kuendelea na safari yake. Akiketi, basi ni mgeni wenu, na hesabu yake ni ya kundi.

Vinywaji visiingie kwenye mchango. Hili ndilo jambo moja ambalo, mkiacha mengine yote, nawaomba mlishike. Chakula hakitofautiani sana kati ya mlaji na mlaji, lakini mmoja anakunywa maji na mwingine anakunywa bia tano. Kila mtu amlipe mhudumu kinywaji chake kinapoletwa. Mtunza hela anunue kwa ajili ya wote maji makubwa tu.

Mhudumu aitwe "dada" au "kaka", kwa sauti ya kawaida. Kupiga makofi na kufyonya ni kumdhalilisha mtu mbele ya watu, na chakula chenu kiko mikononi mwake.

7. Bili

Mtunza hela awe na hesabu yake tangu mwanzo, kwenye karatasi au simu. Chupa tupu zibaki mezani mpaka mwisho, ndiyo njia ya zamani ya kuhesabu na bado haijapitwa. Bili ikija, isomwe kwa sauti mbele ya mhudumu, mstari kwa mstari. Kosa likiwepo, liulizwe kwa upole: "dada, hii kachumbari si ilikuja na nyama?" Mara nyingi ni meza mbili zimechanganywa.

Alipe mmoja. Kama ni kwa lipa namba, aingize namba, asubiri jina la biashara litokee, amwonyeshe mhudumu, ndipo aweke namba ya siri. Jina likiwa la mtu binafsi asiyejulikana pale, aulize kwa mwenye banda kabla ya kutuma. Kwa supu ya asubuhi mchukue noti ndogo na sarafu. Mama aliyefungua sasa hivi hana chenji ya noti ya elfu kumi, na atalazimika kukimbia duka la jirani huku sufuria ikiachwa. Kwenye mgahawa wenye mashine ya risiti, ombeni risiti. TRA, mamlaka ya mapato, imekuwa ikisema miaka yote "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti," na mtunza hela anaihitaji kuwaonyesha wenzake.

Bahashishi si lazima kwetu. Lakini watu sita wamemsumbua mhudumu mmoja jioni nzima, basi sisi huwa tunatenga kitu kidogo ndani ya mchango, na tunampa mkononi mwake. Kukiacha mezani ni kumbahatishia.

Kilichobaki kifungwe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na mabanda mengi hukufungia kwenye karatasi au foili inayovuja mchuzi njiani, kwa hiyo mmoja aje na bakuli lenye mfuniko. Apewe mwenye watoto wengi nyumbani, bila kupigiwa kura.

Usiku, hakikisheni kila mtu amepanda chombo kabla wa mwisho hajaondoka, na kila mmoja aandike "nimefika" kwenye grupu. Nauli ya anayekaa mbali zaidi, kama imeshapita daladala ya mwisho na anahitaji bajaji, itoke kwenye hela ya kundi.

Kabla hamjainuka, taja tarehe inayofuata na umpe mtu mmoja kazi ya kukagua. Sisi mwezi huu tunarudi kwenye supu, saa moja asubuhi, kongoro na chapati. Mtunza hela wetu ni yule mwenzetu wa cherehani. Anaandika kwenye daftari lake la wateja: kurasa za mbele ni vipimo vya mabega na viuno, za nyuma ni majina yetu sita na nani ametoa ngapi.